Kufuta bila Kupoteza: Somo Dogo la Hifadhidata ya Maneno

Wengi wetu katika kitivo hukusanya maneno kwa ajili ya tasnifu na kuyaweka katika hifadhidata. Baadaye huja kazi ya kusafisha, na hapo amri ya kufuta huhitaji uangalifu. Neno tulilopewa na mzee ambaye leo ni marehemu hatuwezi kulikusanya tena.

Naichambua amri hiyo kama sentensi. DELETE ni kitenzi, FROM hutaja jedwali, WHERE huleta sharti. Tazama hii:

DELETE FROM maneno;

Kisarufi ni sahihi, lakini haina sharti, kwa hiyo hufuta rekodi zote za jedwali.

Hata sharti likiwepo, laweza kukosea. Chukua neno = 'kaa'. Tukidhani rekodi zote za kaa ni marudio, tutafuta kitenzi cha kuketi, mnyama wa pwani na kipande cha kuni kinachowaka. Upande wa pili, sharti maana = 'majani ya muhogo' litaleta sombe, tunayoila hapa Bukavu, pamoja na kisamvu cha Tanzania. Maana ni moja, lakini kila neno lina watu wake. Kompyuta hulinganisha herufi tu. Kujua marudio ya kweli ni kazi yetu sisi wanaisimu.

Kwa hiyo nashauri hatua nne. Kwanza, nakili faili nzima mahali pengine. Pili, andika sharti lako kwa SELECT, usome kila rekodi inayotokea:

SELECT * FROM maneno WHERE neno = 'kaa';

Tuseme rekodi namba 143 inarudia namba 12 kwa neno, aina, maana na mahali. Tatu, fungua muamala, ukitaja namba hiyo peke yake:

BEGIN;
DELETE FROM maneno WHERE namba = 143;

Nne, angalia idadi iliyofutwa. Ikiwa ni moja, andika COMMIT. Ikiwa ni nyingine, andika ROLLBACK, na kila kitu kitarudi. Katika SQLite na PostgreSQL, hata umeme ukikatika kabla ya COMMIT, ufutaji huo hauhesabiki.

Ukiwa bado na shaka, usifute. Ongeza safu iitwayo hali, uandike 'ya kuchunguzwa', kisha umwulize msemaji wa lugha yenyewe.