Kumtafuta Ndugu kwa Intaneti

Wengi wetu tunaye ndugu tuliyeachana naye zamani. Mmoja alikwenda Tanga kukata mkonge, hakurudi. Mwingine alifuata dhahabu Geita. Wapo waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 wakaja kupewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, huku ndugu zao wakibaki kule. Siku hizi watu wanatafutana kwa intaneti, na wengine wanaonana kweli.

Je, simu inamtafutaje mtu? Ukiandika jina katika Facebook, simu inakuletea watu walioandika jina linalofanana na hilo. Haijui kwamba mjomba wako ana kovu shavuni. Inafuata herufi ulizoandika. Kwa hiyo anayejua kusoma na kuandika ana nguvu hapa, lakini lazima aandike kwa namna nyingi.

Chukua jina Kulwa. Wengine huandika Kurwa. Pacha wake ni Doto, na wengine huandika Dotto. Jaribu yote. Tena akina Kulwa ni wengi mno! Ongeza jina la baba na la babu. Kwa Warundi mambo ni tofauti: mara nyingi watoto wa baba mmoja kila mmoja ana jina lake, hawashiriki jina la ukoo. Ukitafuta kwa jina la baba utachoka bure. Na dada aliyeolewa huenda anatumia jina la mumewe, au anaitwa Mama Fulani tu.

Majina ya mahali nayo yanahama. Aliyeondoka Geita mwaka 1990 anakumbuka kuwa kwao ni Mkoa wa Mwanza, maana Mkoa wa Geita ulianza mwaka 2012. Mpanda ilikuwa Rukwa, sasa ni Katavi. Na wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya sabini, watu wengi walihamishwa kutoka mahali pao pa zamani. Andika jina la zamani na jina la sasa.

Basi, kabla hujanunua bando, kaa na wazee na daftari. Waulize majina yote ya ndugu huyo, hata la utani, la ubatizo au la jando. Alizaliwa wapi? Alionekana mara ya mwisho wapi, mwaka gani, akiwa na nani? Bibi akiondoka na habari hizi, hakuna simu itakayozileta.

Ukimpata mtu anayesema, "Mimi ndiye," tulia kwanza. Muulize jambo ambalo hukuliandika popote: bibi yetu aliitwaje nyumbani? Usimtajie jibu wewe. Matapeli nao wanasoma matangazo yetu. Akianza na habari ya kukwama mpakani na kuhitaji nauli, mwambie mzungumze kwanza kwa simu, na mzee asikilize sauti.

Kwa aliyekimbia vita, tusitangaze hovyo jina na mahali alipo. Huenda bado anaogopa mtu. Hapo nenda Msalaba Mwekundu. Wana kazi ya kuunganisha jamaa waliotenganishwa na vita au maafa, na hawatozi hata senti. Kazi hii ni ya zamani: mwaka 1870, Ufaransa ilipopigana na Wajerumani, walifungua ofisi ya habari za wafungwa na majeruhi mjini Basel, Uswisi. Wakimpata ndugu yako humuuliza kwanza kama anakubali upewe anwani yake. Akikataa, hupewi. Inauma, lakini ni haki yake.

ZOEZI
1. Andika jina la ndugu mmoja mnayemtafuta, kwa namna zote linavyoweza kuandikwa.
2. Andika mkoa, wilaya na kijiji chake, kwa majina ya zamani na ya sasa.
3. Andika swali moja ambalo yeye peke yake ataweza kulijibu. Swali hili lisomee wazee tu.