Kutoka Bagamoyo Hadi Bagamoyo

Tukuyu, wilayani Rungwe, ina kata iitwayo Bagamoyo. Abiria anayetoka huko kwenda Bagamoyo ya pwani hupita Uyole, Makambako na Iringa, akateremka Kitonga, kisha Mikumi, Morogoro na Chalinze: karibu kilomita 900. Ndege haina habari na Kitonga. Umbali wake tutaujuaje bila ramani?

Tuanze na jua. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kila dakika 4. Chomeka kijiti wima uani Tukuyu, mwenzako achomeke chake pwani. Msivizie dakika ambayo kivuli ni kifupi kabisa, kwani karibu na adhuhuri kivuli hubadilika kidogo mno. Andikeni saa kilipofikia urefu fulani asubuhi, na saa kilipourudia urefu uleule alasiri. Katikati yake ndiyo adhuhuri ya jua. Mkipigiana simu, mtakuta pwani imetangulia kwa dakika kama 21. (Aliyefunga Ramadhani Tukuyu analijua hilo: redio inaadhini magharibi ya Dar es Salaam, kwake jua lingali linaonekana.) Gawanya 21 kwa 4: longitudo zinatofautiana digrii 5.25.

Digrii moja ni kilomita ngapi? Wafaransa walipobuni mita, miaka ya 1790, walikusudia umbali wa Ikweta hadi Ncha ya Kaskazini uwe mita milioni 10. Kilomita 10,000 kwa digrii 90 ni 111 kila digrii. Kwenda mashariki duara hupungua kadiri unavyoiacha Ikweta, ila kwetu upungufu ni asilimia 1 tu: tuseme 110. Basi 5.25 mara 110 ni kilomita 578.

Kijiti hichohicho huonyesha pembe ya jua adhuhuri. Tofauti ya miji hii ni digrii 2.8, yaani kilomita 311 kuelekea kaskazini. Sasa tuna pembetatu mraba, na Pythagoras anatupa mshazari wake: kilomita 656. Kwa umbali huu uviringo wa Dunia hautusumbui.

Ndege ya propela kama Dash 8 ya Air Tanzania, ikienda kilomita 650 kwa saa, ingeumaliza kwa saa moja. Tatizo ni kwamba unapandia Songwe, ng'ambo ya Mbeya, uwanja uliofunguliwa mwaka 2012, na unashukia Dar es Salaam: kilomita 690, dakika 64. Ongeza kupaa, kushuka na kujipanga kutua, ikawa saa 1 na robo hivi. Tena mwendo huo ni wa ndege ndani ya hewa. Upepo wa kilomita 50 kwa saa ukivuma usoni, ardhini inabaki 600, na dakika 5 zimeongezeka.

Kipande kisichotii hesabu yoyote ni cha mwisho, kilomita 70 hivi za barabara kwenda Bagamoyo, foleni ya Mwenge na Tegeta ikiwemo.