Somo la Ufundi: Motokaa ya Mbao kwa Mtoto

Penye mafundi wa mashua ufuoni mwa Ziwa Victoria, hapakosi vipande vya mbao vilivyobaki. Mwenye msumeno, keekee na msasa aweza kuvigeuza kuwa motokaa ya kuchezea.

Twaa kipande kikavu chenye urefu wa sentimita 20, upana 8 na unene 5. Ukitumia mvule, funika pua na mdomo, kwani vumbi lake huwasha.

Magurudumu manne yakatwe katika ubao wenye unene wa sentimita 2, kila moja kipenyo chake sentimita 5. Usikate tawi la mviringo vipande vipande: likaukapo hunywea zaidi kwa kuufuata mzingo kuliko kuelekea kiini, na gurudumu hupasuka.

Toboa mwili matundu mawili ya milimita 10, sentimita 1.5 juu ya ukingo wa chini. Mihimili, na matundu ya magurudumu, iwe milimita 8; urefu wa mhimili sentimita 12.5. Gundi itiwe katika magurudumu tu. Ikiingia mwilini, motokaa haitakwenda.

Jambo kubwa ni usalama. Mtoto mdogo hutia kila kitu kinywani. Rangi yenye madini ya risasi hudhuru ubongo wake, na dhara hilo haliponi. Usipojua rangi ina nini, uache ubao ulivyo. Gundi ikisha kukauka, vuta kila gurudumu kwa nguvu: afadhali ling'oke mkononi mwako kuliko kinywani mwake.