SOMO LA UFUNDI: UFUNGUO UKIGEUZWA NA INJINI ISIZUNGUKE



Wengi wetu hatuna magari yetu wenyewe, lakini kila siku tunayategemea: kwenda zamu, kupeleka mazao sokoni, kufikisha mgonjwa hospitali. Sisi wa Tiira, kwenye barabara ya Busia kwenda Tororo, tulijifunza somo hili kwa gharama. Tunalileta kwenu ili nanyi msilipie mara mbili.

Kikundi chetu cha akiba kilikuwa na pikapu kuukuu ya Peugeot 504 yenye gia za mkono. Gari hilo lilianza kutengenezwa mwaka 1968, na kwa kuwa lilishinda mbio za Safari mwaka 1975 na 1978, watu wa Afrika Mashariki walilijua kuwa gumu. Lakini hata gari gumu huwa na waya unaooza.

Siku moja pikapu ilikataa kuzunguka. Ufunguo ukigeuzwa, tulisikia "ta!" mara moja, kisha kimya. Fundi wa kwanza alisema stata imekufa. Tulichanga, tukanunua nyingine, pesa karibu na mshahara wa mwezi mzima wa mwenzetu mmoja. Baada ya wiki mbili, usiku, mke wa jirani alishikwa na uchungu wa kuzaa. Ufunguo ukageuzwa: "ta!" na kimya. Tulilisukuma gari kwenye mteremko, dereva akaachia klachi kwenye gia ya pili, injini ikawaka. Tulifika Tororo kabla mtoto hajazaliwa. Asubuhi tulikaa tukajiuliza: kama stata ni mpya, ugonjwa uko wapi?

KWANZA, TUTENGANISHE MAGONJWA MAWILI

Injini inayozunguka bila kuwaka ina shida ya petroli au ya cheche. Injini isiyozunguka kabisa ina shida katika njia ya stata. Njia hiyo ina vituo vichache: betri, vichwa vya betri, swichi ya ufunguo, solenoidi, stata yenyewe, na waya wa athi, yaani ule unaorudisha umeme kutoka injini hadi bodi na betri. Umeme hutoka na ni lazima urudi. Njia ya kurudi ikikatika, ni sawa na kukatika njia ya kwenda.

Tukumbuke pia kwamba taa mbili za mbele hula kama ampea 9 tu, lakini stata hula ampea 100 na zaidi. Kwa hiyo taa kuwaka si ushahidi kwamba betri inaweza kuzungusha injini.

PILI, TUJIKINGE

Gia iwe nyutro, breki ya mkono ivutwe, mawe yawekwe kwenye magurudumu. Tusiwashe kiberiti wala sigara karibu na betri, kwa sababu hutoa gesi inayolipuka. Kufungua betri, tuanze na kichwa cha hasi. Kufunga, hasi iwe ya mwisho. Na ile tabia ya kuunganisha stata kwa bisibisi mtu akiwa amesimama mbele ya gari ni hatari. Gari likiwa ndani ya gia, litampanda.

TATU, TUWASHE TAA KUBWA NA KUGEUZA UFUNGUO

Mmoja akae ndani, mwingine atazame taa.

1. Taa ni hafifu tangu mwanzo. Betri imekwisha au vichwa vyake vina kutu. Tusugue vichwa kwa msasa na kukaza. Kwa mita, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6, ikiwa chini ya 12, ichajiwe kwanza.

2. Taa ni kali, lakini zinafifia sana ufunguo ukigeuzwa. Betri ni dhaifu, kichwa kimelegea, au stata imekwama kwenye meno ya gurudumu zito la injini. Hapa gia za mkono zinatusaidia: tuzime ufunguo, tuingize gia ya juu, tusukume gari mbele na nyuma. Meno yaliyokwama huachia. Kama gari haliendi kabisa hata breki zikiwa wazi, huenda injini yenyewe imekaza, na kubadilisha stata hakutasaidia kitu.

3. Taa zinabaki kali na hakuna sauti yoyote. Amri haifiki kwenye solenoidi. Tutazame waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya ufunguo. Mwenzetu akigeuza ufunguo, taa ya majaribio iwake pale kwenye solenoidi. Isipowaka, kosa ni swichi au waya huo. Magari mengine yana swichi kwenye pedali ya klachi, nayo ichunguzwe.

4. Taa zinabaki kali na kuna "ta!" moja. Amri imefika, lakini umeme mkubwa haupiti. Kosa ni solenoidi, burashi za stata, au waya wa athi.

Pikapu yetu ilikuwa ya namba 4. Tulichukua waya mnene wa kuchajia, tukaufunga upande mmoja kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma kisafi cha injini. Ufunguo ukageuzwa, na injini ikazunguka kwa nguvu. Waya wa athi kati ya injini na bodi ulikuwa umeoza chini ya matope na mafuta. Na dalili tuliiona tukaipuuza: waya wa choki ulikuwa ukipata moto, kwa sababu umeme uliokosa njia yake ulijilazimisha kupita hapo. Waya mpya wa athi uligharimu pesa ndogo sana kuliko ile stata, na stata ya zamani ilikuwa nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu, hatusemi mafundi ni wezi. Tunasema mwenye mali aulize: "Umepima nini?" kabla ya kutoa pesa. Somo hili linafaa pia kwa trekta la shambani na kwa jenereta yenye stata ya umeme, kwani njia ya umeme ni ile ile.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini taa zetu zilibaki kali ingawa waya wa athi wa injini ulikuwa umeoza?
2. Gari likiwaka kwa kusukumwa, tumejua vitu gani kuwa vizima?
3. Katika kikundi chenu, nani anatunza mita, msasa na waya wa kuchajia?