Bango limejaa, jicho halitui

Swali: Mwalimu, ninachora kwa tableti bango la duka la vitenge la mama yangu hapa Likasi. Kila kitu kinapiga kelele. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu, chagua kimoja kitawale: sura ya mama au kitenge. Kisha geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Sura ikimezwa na mandhari, kasoro ni mwanga na giza, wala si rangi. Mapambo usiyaogope. Mwenze Kibwanga, mchoraji wa karakana ya Hangar iliyoanzishwa Élisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1946, alijaza picha kwa mistari mifupi, na bado maumbo yanaonekana. Ukichagua sura itawale, weka kitenge kwenye tabaka lake, ukififishe. Jina la duka liandike kwa hati moja tu, kubwa.