Somo: Kupima matunda ya tovuti, si wageni tu

Mashirika mengi ya amani katika Kivu na Ituri yana tovuti, na kwenye ripoti kwa mfadhili tunapenda kuandika kwamba ilitembelewa mara nyingi. Lakini hesabu hiyo haisemi kama hata mtu mmoja alijiandikisha kwa mafunzo ya upatanishi, au kama mzee wa kijiji alipata kijitabu cha migogoro ya ardhi. Ndiyo maana programu za takwimu kama Google Analytics na Matomo zinaruhusu kuweka malengo. Lengo ni tendo ambalo tunataka mgeni alifanye.

Kiwango cha kufikia lengo hupatikana hivi: gawanya ziara zilizofikia lengo kwa ziara zote, kisha zidisha kwa 100. Tuseme tovuti ilipata ziara 800 kwa mwezi, na 24 zikaishia kwa kujiandikisha. Kiwango ni asilimia 3. Sasa tenganisha njia walizotumia. Waliotoka kwenye mitandao ya kijamii ni ziara 600, wakajiandikisha 8. Waliosikia tangazo la redio ni 200, wakajiandikisha 16. Redio ina asilimia 8, mitandao haifiki hata 2. Mratibu aliyetaka kufuta tangazo la redio kwa sababu "inaleta watu wachache" angekuwa amefunga mlango ambao wapatanishi wengi wanapitia.

Lakini programu haijui nani alisikia redio. Mtu huyo anaandika anwani kwa mkono, naye anahesabiwa kama mtu aliyekuja tu. Basi mpe mtangazaji anwani fupi ya pekee, ambayo inampeleka msikilizaji kwenye fomu ikiwa na alama ya chanzo.

Jinsi ya kuweka lengo: tengeneza ukurasa wa shukrani unaofunguka tu baada ya fomu kutumwa, anwani yake iwe na neno "asante". Katika Google Analytics ya sasa (ile ya zamani iliacha kupokea takwimu mwaka 2023), ingia sehemu ya usimamizi, unda tukio linalohesabu ukurasa wenye neno hilo, kisha litie alama ya tukio muhimu. Hilo ndilo jina la malengo tangu 2024. Chagua lihesabiwe mara moja kwa kila ziara, maana intaneti ikisuasua mtu anabonyeza mara tatu. Kupakua kijitabu cha PDF kwa kawaida kunarekodiwa kwenyewe. Wewe tia alama tu. Katika Matomo bado yanaitwa malengo, na faida yake ni kwamba takwimu zinaweza kukaa kwenye seva ya shirika lenyewe.

Hapa ninaomba tusimame kidogo. Fomu nyingine, zikitengenezwa vibaya, zinaandika majibu ndani ya anwani ya ukurasa wa shukrani: jina, simu, kijiji. Programu ya takwimu inachukua anwani hiyo nzima, na simu ya mgeni inaihifadhi katika kumbukumbu zake. Fikiria mama aliyejiandikisha kwa kikao cha upatanishi, kisha simu yake ikakaguliwa kwenye kizuizi cha barabarani. Mwambie fundi atume fomu kwa njia isiyoonyesha majibu, na hakikisha kwa macho yako. Google yenyewe inakataza kutumiwa habari zinazomtambulisha mtu. Na ukurasa wa kutoa taarifa za ubakaji au vitisho usiwekwe lengo kabisa, wala msimbo wa takwimu usiwepo pale. Mfadhili akitaka hesabu, mhesabu katika daftari la ofisi, bila majina.

Pia ondoa kompyuta za ofisi kwenye hesabu, kwani wafanyakazi wakifungua tovuti kila asubuhi wanashusha kiwango bure. Kumbuka kwamba simu moja hutumiwa na familia nzima, hivyo ziara 16 si lazima ziwe watu 16; orodha ya waliofika kwenye mafunzo ndiyo itakayosema ukweli.

Malengo hayahesabu siku zilizopita. Kama tangazo la redio linaanza Jumatatu, weka lengo wiki moja kabla, jaza fomu wewe mwenyewe kwa simu, na utazame katika ripoti ya papo hapo kama imeingia.