Udongo Uliochafuliwa Gatini: Mwongozo kwa Wasimamizi na Wafanyakazi wa Pwani ya Malindi na Kilifi

Mwongozo huu unawahusu wanaofanya kazi kwenye jeti za uvuvi, maghala ya mafuta na karakana za boti, kuanzia Ngomeni hadi Mtwapa. Kwa kuwa huku hakuna bandari ya ukubwa wa Kilindini kule Mombasa, wengi hudhani sheria za udongo mchafu ni za Mombasa. Sivyo. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 haiulizi gati lina urefu gani.

Sehemu kubwa ya pwani hii ni mchanga uliolalia mawe ya matumbawe yenye nyufa na matundu. Dizeli ikimwagika hapa huzama upesi, ikafuata maji ya ardhini hadi visimani au ikajitokeza kwenye mikoko. Kumwaga mchanga mkavu juu yake husaidia kuyazuia mafuta yasitambae, ila mchanga huo nao umeshakuwa taka na lazima uzolewe.

Kifungu cha 93 cha sheria hiyo humtwika aliyemwaga kemikali au mafuta gharama ya kuyaondoa na kuirejesha sehemu iliyoharibika. Kifungu cha 108 huipa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) uwezo wa kutoa amri ya urejeshaji. Na anayetiwa hatiani kwa uchafuzi, mahakama yaweza kumwamuru alipe gharama yote ya kusafisha, mbali na faini.

Kosa baya kuliko yote ni kugawa udongo uliochafuliwa kama kifusi. Tangi la zamani hufukuliwa, lori likajazwa, na jirani anayejaza kiwanja chake akashukuru kwa kupata udongo wa bure. Udongo uliolowa oili chafu, wenye asidi na risasi ya betri, au uliochanganyika na rangi iliyokwanguliwa chini ya boti, usitolewe kwa yeyote, hata akiuomba. Risasi haiozi, itabaki kwenye ua huo watoto wakiichezea.

Kwa hiyo kazi ianze kabla ya jembe kugusa ardhi. Muulize mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa na NEMA kama mradi unahitaji leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira. Sampuli zichukuliwe na kupimwa maabara. Harufu peke yake haitoshi, kwa kuwa risasi haina harufu. Udongo uliochimbwa uwekwe juu ya turubai zito, ufunikwe mvua isiupate, utengwe na ule safi. Ukiondoka, ubebwe na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, pamoja na hati ya ufuatiliaji inayoonyesha umetoka wapi na umepokelewa wapi. Dereva asiye na hati asipakiwe.

Mfanyakazi naye ana haki zake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 humtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mtu mshahara. Ukiona hatari kubwa shimoni, mwarifu msimamizi wako. Mwajiri haruhusiwi kukurudisha mahali hapo hatari ikiwa bado ipo. Na nguo za kazi zisipelekwe nyumbani na vumbi lake.

Anayeona haya ni makaratasi tu aitazame Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi hadi kilipofungwa 2014. Mwezi wa Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na udongo usafishwe ndani ya miezi minne. Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. NEMA yenyewe, inayotoa leseni, ilikuwa miongoni mwa waliopatikana na lawama, kwa hiyo leseni ya serikali si ngao.

Msimamizi, weka nakala za majibu ya maabara na hati za kila lori. Bila hizo huwezi kuthibitisha kwamba udongo wako haukuishia kwenye kiwanja cha mtu.